Ulinganisho: biti bapa, biti ya midomo miwili au biti ya majahazi kwa matundu marefu ya bolti katika mbao ngumu?

Seremala wa Pangani

Ndugu mafundi, ninaomba maoni yenu kabla sijatoa fedha. Nina mashua ya uvuvi ya mbao za mvule ambayo mkuku wake, yaani mbao kuu ya chini, unahitaji kufungwa upya kwa bolti. Matundu ni ya milimita 13, na kila moja lina urefu wa milimita 250 hivi, kwa kuwa linapita katika mkuku na katika taruma (ubavu wa mashua) lililolala juu yake. Kazi ya pili ni ya nchi kavu, nayo ni boriti za paa zenye unene wa milimita 100 zinazohitaji matundu ya milimita 22. Ninatumia drili ya betri ya volti 18 yenye gia mbili.

Dukani nimeziona aina tatu za biti, yaani vyuma vya kutobolea vinavyofungwa kwenye drili. Ya kwanza ni biti bapa, ile yenye umbo la jembe dogo na ncha ya pembetatu. Ya pili ni biti ya msokoto yenye skrubu mbele, midomo miwili ya kukata na kucha mbili za pembeni zinazokata nyuzi za mbao kabla mdomo haujafika. Ya tatu pia ni ya msokoto na ina skrubu, lakini ina mdomo mmoja tu, haina kucha, na urefu wake unafikia milimita 460. Muuzaji aliniambia kuwa ni biti ya majahazi.

Nilijaribu ile ya midomo miwili, ya milimita 22, kwenye kipande cha mvule. Skrubu iliivuta ndani kwa nguvu hadi mashine ikasimama ghafla na kunisokota kifundo cha mkono, nami nikakaa siku nne bila kushika randa. Swali langu ni hili: je, kosa lilikuwa katika umbo la biti, katika mashine yangu, au katika namna nilivyoishika?

Mwalimu wa Karakana

Pole sana, ndugu yangu. Kabla ya kulinganisha aina hizo tatu, ni vema tuelewe kwamba katika biti yenye skrubu mbele, mkono wa fundi hauamui kasi ya kuingia. Inayoamua ni hesi ya skrubu, yaani nafasi kati ya nyuzi zake. Ikiwa umbali kati ya uzi mmoja na unaofuata ni milimita 2, basi kila mzunguko mmoja utaipeleka biti mbele milimita 2, uwe umesukuma au hukusukuma. Kwa mizunguko 400 kwa dakika, tundu lako la milimita 250 lingekwisha kwa sekunde zisizozidi 20, iwapo mashine ingekuwa na nguvu ya kufanya hivyo. Mashine isipokuwa nayo, skrubu haitambui jambo hilo. Inaendelea kuvuta, midomo inakwama katika mbao nene kuliko inavyoweza kukata, na nguvu yote ya mota inahamia kwenye mkono ulioshika.

Zana hii ilikuwapo kabla ya mota. Russell Jennings wa jimbo la Connecticut, Marekani, alipata hataza ya biti yake ya misokoto miwili mwaka 1855, wakati ambapo seremala alizungusha kwa mkono na kuhisi kila badiliko la mbao. Skrubu ilikuwa neema kwake kwa sababu ilimpunguzia kusukuma. Tulipoichukua skrubu ileile na kuifunga kwenye mashine isiyohisi chochote, neema hiyo ikageuka kuwa hatari kwa asiyeichagua kwa uangalifu.

Sasa kuhusu ukubwa. Kwa hesi ileile, kipenyo kikiongezeka maradufu, nguvu ya kusokota inayohitajika huongezeka takriban mara nne, kwa kuwa mbao inayokatwa imekuwa pana zaidi na pia iko mbali zaidi na kitovu. Kwa hiyo ukitoka kwenye milimita 13 kwenda 22 unahitaji karibu mara tatu ya nguvu. Drili yako inaweza kuimudu milimita 13 vizuri na ikashindwa kabisa na 22, ingawa biti zote mbili ni nzima na kali.

Fundi wa Mbezi

Ninakubaliana na Mwalimu, lakini ninavyofahamu mimi, midomo miwili hugawana kazi, kwa hiyo mzigo hupungua nusu. Je, si heri abaki na aina hiyo?

Mwalimu wa Karakana

Fundi, wengi tumefundishwa hivyo, lakini hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Kila mdomo kweli hupata nusu ya unene: kwa hesi ya milimita 2, kila mmoja hukata maranda ya milimita 1. Lakini mbao inayoondolewa kwa kila mzunguko ni ileile, hivyo jumla ya nguvu haipungui nusu. Inaweza hata kuzidi kidogo, kwa sababu kukata maranda membamba hutumia nguvu nyingi zaidi kwa kila kiasi cha mbao kinachotoka. Faida halisi ya midomo miwili ni uwiano. Pande mbili zinasukumana, biti inatulia, na ukuta wa tundu unakuwa laini. Mdomo mmoja husukumwa upande, nao hutegemea ukuta wa tundu na skrubu ili usiyumbe. Kuna pia biti za midomo mitatu, kama zile za WoodOwl zinazotengenezwa na kampuni ya Star-M ya mji wa Miki, Japani, ambazo hutoboa kwa utulivu na usafi wa hali ya juu. Hata hizo hazimwokoi mwenye mota dhaifu ikiwa hesi ya skrubu ni pana.

Kinachopunguza mzigo ni hesi yenye nyuzi zilizokaribiana. Mbao ngumu kama mvule na mninga hutaka hesi ya namna hiyo, na mbao laini au mbichi hutaka hesi pana. Unaponunua, weka biti mbili sambamba na uhesabu nyuzi zilizomo katika sentimita moja ya skrubu.

Mjenzi wa Mashua, Lamu

Assalaam alaykum. Nitazungumzia mkuku peke yake, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoifahamu. Baba yangu alipekecha matundu kwa keke na uta, nami nilianza kwa kumshikia mbao, kwa hiyo ninalisema hili kwa yakini: katika tundu refu, adui wa fundi si ugumu wa mbao bali ni maranda yasiyotoka na biti inayofuata mkondo wa nyuzi za mbao.

Biti bapa iondoe katika hesabu. Haina mfereji wa kupandisha maranda juu, hivyo kila baada ya sentimita chache italazimu uitoe. Tena shina lake ni jembamba kuliko tundu, halishikiliwi na ukuta, na katika milimita 250 itakutokea upande usioutaka. Katika mkuku, tundu lililopinda ni tundu la kuingiza maji, na hakuna kalafati (uzibaji wa nyufa za mbao) itakayolitibu vizuri.

Biti ya majahazi yenye mdomo mmoja ndiyo niliyoitumia kwa miaka mingi. Mfereji wake ni mmoja na ni mpana, kwa hiyo maranda manene na yenye unyevu hupanda bila kusongamana. Kutokuwa na kucha si upungufu katika kazi hii, kwa kuwa kinywa cha tundu kitafunikwa na kichwa cha bolti na washa. Ndani ya chombo cha zamani utakutana na misumari iliyokatikia humo, na hapo kucha ndiyo ya kwanza kuvunjika. Kucha ikivunjika, biti ya midomo miwili haina thamani tena. Mdomo mmoja ukiumia, unaunoa kwa tupa na kuendelea.

Kuhusu unyofu, ipo aina nyingine ambayo wengi hawaijui siku hizi: biti ya majahazi isiyo na skrubu kabisa. Skrubu hupenda kufuata mshipa wa mbao, na ikishapotea hairudi. Isiyo na skrubu hufuata tundu lililokwisha kutobolewa nyuma yake. Unaanza na biti ya kawaida kwa sentimita tano au sita za mwanzo, ukihakikisha mtu mwingine anakutazamia unyofu kutoka ubavuni, kisha unaingiza isiyo na skrubu na kuisukuma mwenyewe hadi mwisho. Hiyo haivuti, kwa hiyo haikusokoti mkono.

Fundi wa Nguzo

Sisi tunatoboa nguzo za mkaratusi kwa ajili ya bolti za kushikilia mikono ya nyaya, na mara nyingi tunafanya hivyo tukiwa juu ya nguzo, ambapo mashine ikisokota mtu hatari yake ni kubwa mno. Ninaungana na mzee wa Lamu kuhusu mdomo mmoja na mfereji mpana. Nguzo zetu zimewekewa dawa, na dawa nyingine zina aseniki, kwa hiyo tunavaa barakoa na glavu, na maranda yake hatuyachomi wala hatuyatumii kama kuni. Anayetoboa mbao zilizotiwa dawa kwa ajili ya paa azingatie hilo pia.

Ninapenda kuongeza jambo kuhusu shina, kwa maana hakuna aliyeligusa. Biti nyingi za kazi nzito zina shina la pembe sita la milimita 11, ambalo huingia katika taya za drili ya milimita 13 na haliteleji. Nyembamba zina shina la pembe sita la milimita 6.35, la mashine ndogo za kukazia skrubu zinazopiga kwa kugonga. Mashine hizo hazikusokoti mkono kama drili, kwa kuwa nguvu yake hutoka kwa mapigo mafupi, na kwa milimita 13 zinafaa kabisa ikiwa biti imeidhinishwa kwa kazi ya kugongwa. Ukikuta biti ya kale yenye shina la mraba lililochongoka, hiyo ni ya keekee ya mkono. Usiifunge katika taya tatu za drili.

Mnoa Zana

Naomba kueleza unoaji, kwa sababu biti nyingi hutupwa zikiwa bado na maisha, na nyingine huuawa na wanaozinoa. Kucha hunolewa upande wa ndani tu. Ukigusa upande wa nje umepunguza kipenyo, na tangu siku hiyo mwili wa biti utasuguana na ukuta wa tundu, utapata moto na kukwama. Mdomo wa kukata hunolewa upande wa juu, ule unaoelekea kwenye shina, wala si upande wa chini, kwa kuwa upande wa chini ndio unaoacha nafasi ili skrubu iendelee kuvuta. Tupa iwe ndogo na laini, na biti ya midomo miwili ipate idadi sawa ya mapito kila upande, kwa maana mdomo ulio juu ya mwenzake hata kidogo hukata maranda membamba kuliko mwenzake.

Kuna swali moja ambalo huletwa kwangu mara kwa mara: je, biti hizi zinaweza kufungwa kwenye drili ya kusimama? Zikiwa na nyuzi za skrubu, hapana. Skrubu huvuta kwa kasi kuliko mkono unavyoshusha mashine, mbao huinuliwa na kuzungushwa, na mtu anaweza kuumia vibaya. Wapo wanaosaga nyuzi hizo hadi ncha ibaki na umbo la piramidi, na hapo mkono ndio unaoamua mwendo. Nimewafanyia mafundi wawili, na biti zao zinafanya kazi vizuri.

Seremala wa Pangani

Ninawashukuru nyote, na hasa Mzee wa Lamu. Nimerudi dukani na kuhesabu nyuzi kama alivyoelekeza Mwalimu: biti iliyonitesa ilikuwa na nyuzi nne tu katika sentimita moja, yaani milimita 2.5 kwa kila mzunguko. Nimeiacha kwa ajili ya mbao za msonobari.

Kwa mkuku nimenunua biti ya majahazi ya milimita 13. Nimetoboa matundu matatu jana katika gia ya kwanza, nikiwa nimefunga mpini wa pembeni na kuuegemeza kwenye taruma ili mashine ikikwama iegemee mbao badala ya mkono wangu. Kijana wangu alikaa ubavuni akitazama unyofu kwa kutumia pembemraba. Tundu la kwanza lilitokea milimita 6 nje ya alama, la pili 3, na la tatu 2. Biti isiyo na skrubu sijaipata hapa.

Swali moja limebaki. Maranda yakijaa, nimekuwa nikirudisha mashine kinyume hadi biti itoke yote, na nikiiingiza tena nakuta yameanguka ndani na kushindiliwa.

Mjenzi wa Mashua, Lamu

Hongera, mwanangu, milimita 2 katika milimita 250 ni kazi nzuri. Usiirudishe kinyume hadi mwisho. Rudisha mizunguko miwili au mitatu tu ili skrubu iachie mbao, kisha izungushe mbele kama kawaida huku ukiivuta nje, na mfereji utayabeba maranda yote. Pakaa nta kidogo kwenye msokoto kabla ya kuingiza tena. Ncha ya skrubu ikichungulia upande wa pili, simama hapo hapo, zunguka, na umalizie kwa kutokea huko, vinginevyo mbao itachanika. Biti isiyo na skrubu, ukiikosa, mpelekee Mnoa Zana ile ya ziada ya mdomo mmoja, aisage skrubu yote na kuunoa mdomo upya, nawe uanze tundu kwa hiyo nyingine.