Re: Re: Barua ya forodha + kapla ya egzosi inayoungua (Baja 5B)

Baba Salma, Bremen

Wakuu, salaam. Kifurushi cha kapla za egzosi (mpira unaounganisha mabomba ya moshi) za gari langu la rimoti, Baja 5B, kimezuiwa forodhani. Muuzaji kaandika "sampuli" kwenye CN22 (lebo ya forodha ya posta), IOSS (namba ya kodi iliyolipwa kwa muuzaji) hakuna, na barua inataka inavoisi, uthibitisho wa malipo na maelezo ya bidhaa. Kwenye fomu nijaze HS (namba ya forodha ya aina ya bidhaa) ipi, 4009 au 9503?

La pili: kapla iliyopo imetoboka upande wa heda (bomba linalotoka kwenye silinda). Injini ni Zenoah 26cc ya petroli, na baada ya kapla kuna bomba la tyuni (egzosi ya kuongeza nguvu). Hiyo mpya nitaizuiaje isiungue?

Mama Tunu, Utrecht

4009 ni mabomba ya mpira, 9503 ni vitu vya kuchezea, modeli na vipuri vyake. Jaza yoyote. Mpaka Juni 2026 chini ya euro 150 hapakuwa na ushuru; EUSt (VAT ya uagizaji ya Ujerumani) 19% na ada ya msafirishaji utalipa. Ule msamaha wa euro 22 ulishafutwa Julai 2021.

Kombo, Hamburg

Mama Tunu, samahani, "jaza yoyote" si ushauri wa kumpa mtu mwenye barua mkononi. Wameuliza kitu ni nini. Aeleze matumizi yake, aambatanishe picha na inavoisi.

Tuje kwenye kapla. Baba Salma, usiagize nyingine kabla hujajua hii imekufa kwa nini. Ipasue kwa wembe kwa urefu wake uitazame. Ukikuta ndani kuna mkanda mweusi, mgumu, wenye nyufa, pale hasa ncha za mabomba mawili zinapokutana, basi moshi unaupiga mpira moja kwa moja, maana yake nafasi ni kubwa mno. Ndani kukiwa salama lakini mdomo wa upande wa heda umekakamaa na kubadilika rangi, joto linatembea ndani ya chuma cha heda. Ikivimba na kulainika ni petroli na oili, na hapo umeuziwa silikoni ya magari ya nitro. Ikichanika ukingoni mwa klempu, umekaza kupita kiasi au bomba linaning'inia bila mshikio.

Silikoni nzuri huvumilia kama 200°C mfululizo, na zaidi ya hapo kwa muda mfupi tu. Moshi wa petroli unaotoka kwenye silinda unavuka 500°C. Hakuna mpira utakaopona ukiguswa na moshi huo, hata uununue kwa bei gani. Kazi ni kuuficha mpira.

Nafasi kati ya ncha mbili iwe mm 1.5 hadi 2 injini ikiwa baridi. Usizigusanishe kabisa: alumini ya sm 30 ikipanda joto kwa nyuzi 150 hurefuka karibu mm 1, na isipopata pa kwenda itasukuma mshikio mpaka ukatike. Piga tupa ncha zote zinyooke, ondoa makali kwa msasa, kisha kila bomba liingie ndani ya mpira angalau mm 20. Kabla ya kuvalisha, futa oili yote kwa dawa ya kusafishia breki. Usitumie grisi kuuteleza mpira, utachomoka ukiwa njiani. Pombe ya kusafishia inatosha, nayo hukauka.

Otieno, Leicester

Huku kikomo cha ushuru ni pauni 135, si euro 150, msichanganye watu.

Kwa kapla, zungushia heda tepu ya fibaglasi, joto halitafika kwenye mpira. Na ongeza oili, nenda 20:1, injini itapoa.

Kombo, Hamburg

Mtu yuko Bremen, pauni zinamhusu nini?

Na yote mawili uliyosema yanaunguza kapla. Tepu inazuia heda isipoteze joto, kwa hiyo moshi unafika kwenye kapla ukiwa wa moto zaidi. Tepu inasaidia kulinda bodi na tangi la mafuta. Ukilazimika kuizungusha, iishie sm 5 kabla ya kapla, chuma kibaki wazi kipate upepo.

Oili ndiyo hatari zaidi. Kwa 25:1 ni ml 40 kwa lita moja ya petroli. Ukienda 20:1 ni ml 50, na tundu la kabureta ni lilelile, kwa hiyo petroli inayopita inapungua. Mchanganyiko unakuwa mkavu (petroli kidogo, hewa nyingi) na moshi unapanda joto. Ukibadili oili lazima uguse skrubu ya H (ya kabureta, inayoongeza au kupunguza petroli kwenye kasi kubwa): fungua kinyume cha saa kwa moja ya nane ya mzunguko, kimbiza gari, kisha toa plagi uitazame. Rangi ya chokoleti ni sawa. Ikiwa nyeupe, bado ni kavu, na kama kufungua H hakubadilishi kitu, tafuta hewa inayoingia kwenye gasketi kati ya kabureta na silinda. Kapla inayokufa kila mara mara nyingi inakuambia habari za kabureta.

Bi Rukia, Aarhus

Shikamooni. Kipimajoto cha miale kinadanganya kwenye alumini inayong'aa, kinasoma chini sana kuliko joto lenyewe. Paka doa la rangi nyeusi isiyong'aa, ya kuhimili joto, upime hapo.

Mwenye heda ya chuma na anayejua kulehemu anaweza kuweka koti la ndani: bati la chuma kisichoshika kutu, unene mm 0.3, urefu mm 40, likunjwe liwe bomba. Upande wa heda lishikwe kwa tone la kulehemu, la sivyo litasukumwa na moshi. Upande wa pili liingie ndani ya bomba la tyuni na kuteleza bila kubanwa. Hapo moshi unaruka ile nafasi bila kuuona mpira.

Otieno, Leicester

Si atumie tefloni tu? Inabeba 260°C.

Bi Rukia, Aarhus

Inabeba, lakini haipindi. Injini ikitikisika mtikisiko wote unahamia kwenye heda, na skrubu zake zinalegea. Loctite 243, gundi ya kuzuia skrubu kulegea, mwisho wake ni 180°C, kwa hiyo kwenye heda haifai. Weka washa za Nord-Lock, zinazojifunga zenyewe. Tena tefloni ikiungua kabisa hutoa mvuke wa sumu, usiivute, na usiijaribu gereji imefungwa.

Mama Tunu, Utrecht

Kazi hiyo ya bati, mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, wangekufanyia huku umesimama unakunywa kahawa, bila fomu wala barua. Huku fundi wa kuchonga anataka mchoro na miadi ya wiki mbili. Nimekumbuka mpaka harufu ya vyuma ile asubuhi.

Otieno, Leicester

Kamukunji, Nairobi, pia. Wale jamaa wanafua bati kwa nyundo linakuwa duara kamili. Serikali zetu zingewapa mashine na mahali pa kudumu, tusingekuwa tunaagiza mpira wa sm 6 kutoka Uchina.

Baba Salma, Bremen

Nimeipasua. Mkanda mweusi katikati, na nafasi ilikuwa mm 6. Plagi nyeupe. Nimeshukuru sana.

Sasa kwenye fomu niandike 4009 au 9503? Mwisho ni Ijumaa.

Kombo, Hamburg

Mm 6 ndiyo iliyokuua. Sogeza bomba mbele kwenye mshikio, mashimo yake yana urefu wa kutosha. Kama umefungia kamba za plastiki, zitoe, nailoni inalainika kwa joto hilo. Weka klempu za chuma, kaza mpaka mpira uanze kutuna pembeni ya klempu, basi. Ukimaliza kukimbiza, acha injini ingurume polepole bila kukanyaga gesi (sailensi) dakika moja au mbili ndipo uzime, maana ukizima ghafla feni inasimama na joto lote la silinda linashuka kwenye heda. Ikishapoa kabisa, kaza klempu tena. Na safisha mchanga chini ya kapla, unaziba upepo.

Bi Rukia, Aarhus

Na kata dirisha kwenye bodi usawa wa kapla, sm 5 kwa 8, upande unaotazama mbele.