Naomba ushauri: riwaya yangu ya mapenzi inageuka muvi

Wakuu habari za leo, naombeni msaada. Naandika riwaya ya mapenzi, nipo sura ya 9, shida usiku naangalia sana muvi za Kikorea zile zilizotafsiriwa, asubuhi nikianza kuandika wahusika wangu wanaongea kama wao. Juzi nimemkimbiza jamaa mpaka uwanja wa ndege kumzuia mpenzi wake wakati binti mwenyewe anaenda Tanga kwa basi, stendi ya Magufuli pale Mbezi 😂 Nikaacha muvi wiki 2 nisome vitabu tu, ndo maneno yakakauka kabisa, ukurasa mmoja siku 3. Wenye uzoefu, mkiwa mnaandika huwa mnaacha kabisa kuangalia? Na hapo wanapoagana stendi, wapiga debe wanavuta begi la binti, niandikeje mahaba yasipotee?