Kuzamia Maziwe, mbona tunaenda mwendo wa kinyonga?

Kijana wa Chuda:
Wakuu habari za jioni. Niko Tanga mjini, nimemaliza kozi ya kuzamia juzijuzi na wikiendi tukaenda kisiwa cha Maziwe kule Pangani. Sasa huyo kiongozi wetu jamani! Tumeganda kwenye jiwe moja wee, kila nikitaka kutangulia ananionyesha mkono nirudi. Boti nimelipia, mtungi wa hewa nimelipia, nilitaka nione miamba yote. Ni kawaida au ananibania?

Baharia Mstaafu:
Hakubanii mdogo wangu. Maji ni mazito kama mara 800 kuliko hewa, ukiongeza spidi mara mbili upinzani unapanda kama mara nne, basi utapiga mapezi kwa nguvu, utahema, na ukiwa mita 10 kila pumzi inakula hewa mara mbili ya ile ya juu, mita 20 mara tatu. Mwenye papara ndiye anayemaliza mtungi na kuwapandisha wenzake wote. Halafu ukihema juujuu kaboni dayoksaidi haitoki vizuri, unaingiwa na woga unadhani regileta (kile kifaa cha mdomoni cha kupumulia) mbovu kumbe ni wewe. Vuta taratibu, toa ndefu. Ila usibane pumzi hata siku moja, hasa unapopanda, utaumiza mapafu.

mama_pweza:
Mie nasemea hilo jiwe tu 😂 waulize akina mama wanaochokoa pweza maji yakitoka, ukipita mbio humuoni, keshageuka rangi ya mwamba mbele ya macho yako. Kasa naye ukimfukuza anaondoka zake, ukitulia pembeni anaendelea kula. Kwani hapo mlipoganda mliona nini?

Kijana wa Chuda:
Dah, samaki taa alikuwa kajifukia mchangani, macho tu ndo yako nje. Haya nimeelewa. Lakini mkondo je? Kuna mahali maji yalivuta kweli, hapo napo niende taratibu?

Baharia Mstaafu:
Mkondo hushindani nao, utachoka bure. Shuka karibu na chini (usiguse matumbawe lakini) maana huko mara nyingi unapungua, ukizidi mpe ishara kiongozi mgeuze mwende nao, na boti iwafuate. Kupanda nako msizidi mita 9 kwa dakika, mkifika mita 5 mkae dakika 3. Hiyo miamba mingine nenda siku nyingine, na uende msimu wa kaskazi, kusi maji yanachafuka.