Swichi ya faiba inafanyaje kazi? Nataka kuunganisha majengo mawili ya shule, Nyegezi, Mwanza

Mwalimu_Tehama
Wakuu, habari za jioni. Nasimamia mtandao wa shule hapa Nyegezi. Maabara ya kompyuta iko juu kwenye mawe, ofisi iko chini, umbali kama mita 400. Tumevuta kebo ya shaba yenye swichi ndogo ndogo njiani, na radi za huku ziwani zinaua poti kila mvua zikianza. Nashauriwa nihamie faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga. Je, swichi yake ni mtambo tofauti kabisa? Na moduli za SFP, vile vifaa vidogo vya kuchomeka kwenye swichi ili ipokee faiba, nichukue zipi? Hela ni michango ya wazazi, naomba msaada wa kweli.

Fundi_Igoma
Pole sana mwalimu. Swichi ni ileile. Mwanga unaishia kwenye moduli ya SFP. Pale unageuzwa kuwa umeme, swichi inasoma anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa) ya mpokeaji, inaangalia kwenye jedwali lake apitie poti gani. Asipokuwemo, inatuma poti zote isipokuwa ile data iliyoingilia. Data ikitoka kupitia poti ya faiba, leza inaugeuza umeme kuwa mwanga tena. Kwa hiyo tafuta swichi ya kawaida yenye matundu ya SFP, moja kila jengo. Zile za njiani ondoa zote: shaba inaishia mita 100, faiba haina shida hiyo.

Mama_Seva
Moduli chukua za singo-modi (faiba yenye kiini chembamba), aina ya LX yenye mwanga wa urefu wa wimbi 1310 nm (nanomita), zinafika km 10. Malti-modi (kiini kinene), aina ya SX, kwa kebo yenye kiini cha mikroni 50 inafika mita 550, ila ukipewa ya mikroni 62.5 mita 400 zako hazifiki. Ukichukua zile za uzi mmoja, nunua jozi: huku ikituma 1310, kule lazima ipokee 1310.

Mwalimu_Tehama
Asante dada. Radi je, ndiyo basi?

Fundi_Igoma
Kioo hakipitishi umeme, lakini kebo nyingi za nguzoni zina waya wa chuma. Omba isiyo na chuma kabisa, vinginevyo radi itaufuata huo waya hadi ndani. Na ethi ya majengo (waya wa kupeleka umeme ardhini) ipimwe, maana radi huingia pia kupitia umeme wa ukutani.

Mama_Seva
Taa ya poti isipowaka, geuza nyuzi mbili upande mmoja. TX (kutuma) ya huku iingie RX (kupokea) ya kule. Wanafunzi wasichungulie ncha ya kebo. Mwanga wa 1310 hauonekani kwa macho, ila ni leza.