Mliohamishia biashara kwenye mifumo ya wingu, tupeane uzoefu kabla sijajitosa

Fundi Nondo (mwanzisha mada)
Habari za jioni wakuu. Nina duka la vifaa vya ujenzi Mbagala, mwaka jana nikafungua la pili Mkuranga. Hesabu zote zilikuwa kwenye kompyuta moja pale Mbagala, programu ya kununua mara moja, nimekaa nayo miaka sita. Mwezi wa pili umeme ukakatika na kurudi mara tatu ndani ya saa moja, diski ikafa. Bakapu ya mwisho ilikuwa kwenye flashi, ya miezi minne nyuma.

Stoo nilihesabu upya, hiyo haikuniuma. Kilichoniuma ni madeni. Mafundi waliochukua mabati na nondo kwa mkopo, ukimpigia mtu anakujibu "bosi, mbona nilishamaliza?" na mimi sina karatasi.

Sasa naambiwa nihamie kwenye wingu: kumbukumbu zinakaa kwenye seva za kampuni huko, mimi nafungua kwa simu au kompyuta yoyote, nalipia kila mwezi. Waliotumia wanisimulie yaliyowakuta. Wauza mifumo nawaomba mkae pembeni kwanza.

Mama Dawa
Pole mdogo wangu. Nina maduka mawili ya dawa Mwanza, huu mwaka wa tatu niko kwenye wingu na sirudi nyuma. Nilichokuwa nakitaka ni kuona mauzo nikiwa nyumbani. Nikakuta mfumo unaniorodheshea na dawa zinazokaribia kuisha muda. Zilizododa Igoma nazipeleka Buzuruga zinakotoka haraka. Zamani zilikuwa zinaishia kwenye boksi la kuharibiwa.

Halafu kuna binti niliyemchukulia kama mwanangu. Mteja akishaondoka na dawa yake, yeye anarudi kufuta risiti, hela mfukoni. Kwa daftari nisingejua kamwe. Mfumo unaandika nani kafuta, saa ngapi, ya shilingi ngapi. Niliyasoma kitandani saa nne usiku, usingizi ukaruka.

Mzee Kaunta Buku
Kaunta buku langu halijawahi kuniomba bando. Nipo hapa nasoma tu.

Minisupa Dom
Mzee usicheke, siku moja ulikuwa na haki. Mei 12, 2024, Jumapili, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikawa ya kubahatisha. Mfumo wetu bila mtandao haufunguki kabisa. Na kosa letu sisi wenyewe: tulikuwa tumeacha kubandika bei kwenye shelfu kwa kuwa kila kitu kinaskaniwa. Foleni imefika mlangoni, mteja kashika sabuni, hakuna anayejua ni shilingi ngapi! Tukaandika kwa mkono, wenye haraka wakaacha vikapu wakaondoka. Mtandao ulipotulia tulikesha siku mbili tukiingiza mauzo, na hadi leo naamini kuna yaliyoruka.

Nikabadilisha, nikachukua wenye programu inayouza bila mtandao kisha inapeleka taarifa baadaye. Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, kaunta ziliendelea. Ila nao una vituko vyake. Mashine zikiwa hazionani, kila moja inadhani mzigo wote ni wa kwake. Unga wa kilo tano ulikuja kusoma hasi kumi na moja. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji azime rauta mbele yako, kisha auze vitu kumi. Wengi hapo ndipo wanapokumbuka wana kikao kingine.

Dada wa Kongowea
Salamu kutoka Mombasa. Mimi nauzia mahoteli vyakula. Huku kwetu tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS (ankara za kielektroniki za KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya) haikubaliki kupunguza kodi, kwa hiyo hoteli hainunui kwako kama huna. Mfumo wangu wa wingu unatuma ankara KRA wenyewe, naandika mara moja tu. Hilo peke yake linanilipia ada ya mwezi.

Fundi Nondo
Dada asante. Kwa huku Tanzania, TRA ikoje?

Mhasibu wa Mtaani
Uliza kama mfumo unaunganishwa na VFD, yaani programu ya kutoa risiti za TRA bila mashine. Kama hauungani, utapiga risiti ya mfumo, halafu unageuka kupiga ya EFD, ile mashine ya risiti za TRA, kila mteja mara mbili. Mwisho wa mwezi namba zikipishana, mimi ndiye napigiwa simu.

Niwape mawili niliyoyaona kwa wateja wangu. Wa kwanza ni duka la spea. Akaunti kuu ya mfumo ilifunguliwa kwa barua pepe ya kijana wa kaunta, kwa kuwa tajiri hakuwa nayo. Wakagombana, kijana akaondoka na nywila. Tajiri analipia mfumo asioweza kuuingia. Ilichukua wiki tano na wazee wa familia kuingilia kati.

Wa pili alichukua mfumo wa bei rahisi kwa jamaa mmoja wa mjini. Jamaa hakulipia seva, siku hiyo ukifungua unakuta ukurasa mweupe. Sheria inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka mitano, na afisa wa kodi hakuulizi wingu limekwenda wapi. Siku hizi kila mteja wangu Ijumaa jioni anashusha mauzo, stoo na madeni kwenye Excel, ananitumia nakala. Mfumo usiokuruhusu kushusha, achana nao hata wakupe bure.

Na dola pia, kama mfumo wako unatozwa kwa dola. Mwaka 2022 dola ilikuwa kama shilingi 2,300, mwaka 2024 ikapita 2,600. Ada ni ileile kwenye tangazo, mfukoni siyo ileile.

Mama Dawa
Hilo la barua pepe limenishtua. Ngoja niangalie ya kwangu.

Mama Dawa
Ni ya yule binti.

Mzee Kaunta Buku
😂😂 Mama pole.

Fundi Nondo
Nimeshaamua. Naanza na Mkuranga peke yake miezi miwili, Mbagala nabaki na daftari la madeni, kila fundi anasaini. Barua pepe nimefungua yangu leo, nywila anayo mke wangu. Kesho tunaanza kuhesabu, bidhaa kama 1,400, na misumari sijui tutaiingiza kwa kilo au kwa boksi. Aliyewahi kufanya hilo aniambie kabla ya saa mbili asubuhi.

Minisupa Dom
Kilo. Kwa boksi utalia.