Wachezaji wangu wananyamaza mezani, nifanye nini?

Mwana Ndosho
Jambo wapendwa. Naongoza Dungeons & Dragons, mchezo wa hadithi ambapo kila mmoja anaigiza mhusika wake na dadu inaamua kama amefaulu, hapa Goma, vijana wanne, Jumapili jioni. Mmoja anaongea wakati wote. Nikiuliza "mnafanya nini?", wengine watatu wanamtazama yeye. Tena tuko na dadu moja tu ya pande ishirini, inagombaniwa. Mnisaidie.

Yaya wa Himbi
Mdogo wangu, acha kuuliza meza nzima. Ita mhusika mmoja kwa jina, mwonyeshe kitu anachokiona yeye peke yake, kisha ngoja. Ngoja kweli, hata kimya kikizidi.

Na hiyo misitu ya Ulaya ya kwenye vitabu vya mchezo iache. Mimi wangu niliwapeleka kwenye mawe ya lava, alfajiri, upepo hakuna. Mbele kuna shimo pana. Chini amelala mbuzi, hana jeraha, shingoni ana ufunguo wanaoutafuta. Mshika mwenge anateremka, moto unafifia, unazimika. Nikanyamaza. Binti ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu tuanze akapaza sauti: "Mazuku! Rudi juu!" Hapa kila mtoto anajua mazuku, ile hewa inayoua, ni nzito, inalala mashimoni, jua na upepo vikija inatawanyika. Wakaanza kubishana wote: wangoje jua lipande, ama wamvute mbuzi kwa kamba? Sikuitisha dadu. Dadu irushwe pale tu ambapo kushindwa kutaleta jambo jipya.

Ila kabla hamjaanza, uliza kila mmoja pembeni ni nini hataki kukikuta mchezoni. Mji huu umeona lava ya 2002 na ya 2021, umeona vita. Akikutajia kitu, kiondoe, usimdai sababu.

Fundi Birere
Dadu: andika 1 hadi 10 kwenye vikaratasi, tia koponi. Chomoa kimoja, kisha rusha dadu ya ludo: ikileta 4, 5 au 6, ongeza kumi, 1, 2 au 3, bakiza ulivyochomoa. Karatasi irudi koponi kila mara, la sivyo hesabu inaharibika. Kanuni za msingi za mchezo, hati inayoitwa SRD 5.1, ni huru kutumiwa tangu 2023, na za Kifaransa zipo.

Mwana Ndosho
Asanteni sana. Yaya, na yule msemaji akikataa kungoja?

Yaya wa Himbi
Mpe kalamu achore ramani. Kabla ya kuchora kila chumba, awaulize wenzake wameona nini.