Tupeane uzoefu: mliowahi kuzama soko la Antigua Guatemala, mlitokaje?

Kibarazani
Wakuu, kuna mtu kaweka picha za Antigua kwenye status nikakumbuka mbali. Soko lile la ng'ambo ya Alameda de Santa Lucía, ukivuka barabara tu umeshamezwa. Siongelei lile la vinyago na mikufu ya jade walilowatengenezea watalii, naongelea lenyewe, la nyanya na kuku na chaja za simu. Mimi niliingia kutafuta soksi nikatokea upande wa mabasi nimebeba nanasi na sufuria, soksi sina. Mliofika mwageni yenu.

MamaPili
Hahaha sufuria tena

Mzee wa Marobota
Kilichoniua mimi ni mitumba. Nimeuza Karume miaka na miaka nikasema huku naenda kupumzika, sitaki kuona robota. Nakata kona ya nyuma nakuta meza zimejaa majinsi na fulana za timu za Marekani, watu wameinama wanachambua, wenyewe wanaita paca. Mzigo uleule unaoshuka kwetu! Na mabasi pale nje nayo ni mitumba, yale ya njano ya wanafunzi wa Marekani yamepigwa rangi upya nyekundu na kijani, bampa zinang'aa, jina la mwanamke juu ya kioo. Basi mkono ukaniwasha nikaanza kuchambua, nikatoka na shati la kitani quetzal 15, na dola moja kule ni quetzal 7 na ushee, piga hesabu mwenyewe.

Msee wa Gikomba
na kamera, zile nguo za chaguo la kwanza, iko ama mnaokota tu mabaki?

Mzee wa Marobota
Ipo, siku robota linafunguliwa bei iko juu, kadiri linavyochaguliwa inashuka. Biashara ni ileile.

Babu Ramani
Vijana mjue soko hilo zamani lilikuwa ndani ya magofu ya kanisa la Wajesuiti. Kanisa liliangushwa na tetemeko la 1773, wachuuzi wakajazana humo, mpaka tetemeko la Februari 1976 ndipo wakahamishwa. Endeleeni.

DaktariWaBei
Ushauri wa bure: usikubali bei ya kwanza. Huipil, ile blauzi yao ya asili ya kufumwa, niliambiwa quetzal 700 nikaondoka nayo kwa 250. Unageuka unaondoka zako taratibu, atakuita tu.

BintiTanga
Na unajisifu kabisa. Mama wa kijiji cha wafumaji cha San Antonio Aguas Calientes anapiga magoti na mkanda wa kufumia kiunoni wiki hadi miezi, wewe umemkaba shingo halafu unakuja kutufundisha. Dukani kwenye simu mpya ungebishana hivyo?

DaktariWaBei
Nani kakwambia ni ya mkono? Nusu ya zile ni za mashine dada angu

BintiTanga
Geuza upande wa ndani. Ile nzuri ya San Antonio maua yanatoka sawasawa ndani na nje. Kama hujui hata kugeuza nguo usitupangie bei.

Chuma Ulete
Mimi nimekaa hapa na karanga zangu, endeleeni

Mwarabu wa Malindi
Tuache nguo kidogo. Niko Muscat, huku kahawa bila hiliki hainyweki, na hiliki hizi nyingi zinatoka Guatemala, ndio wanaoongoza kuuza nje dunia nzima. Nikafika pale nawaza gunia zima, nikasema leo nanunua kwa bei ya shamba. Nimezunguka wee, kila muuza viungo ananionyesha mdalasini na pilipili kavu. Wenyewe hawaili! Inalimwa kule Alta Verapaz inapakiwa inakuja kwetu Ghuba. Nilipata kipakiti kimoja, tena kimepauka.

Msee wa Gikomba
kama kahawa yetu Nyeri tu bro

KitindaMimba
Ngoja niweke yangu maana nikikumbuka mpaka leo jasho linanitoka. Mama yangu alitoka Pangani kuja kunitembelea Marekani, baridi ikamshinda, nikasema nimpeleke Antigua apate jua. Tukaingia sokoni Jumamosi, na siku zao kubwa ni Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi, vijiji vyote vimeshuka. Mama kajifunga kanga zake, kanunuliwa embe bichi la chumvi na ndimu na unga wa mbegu za maboga, anatafuna anasema kumbe hawa ni watu wetu. Nikasimama kwenye parachichi, muuzaji hana chenji ya noti ya 100, katuma mtoto kibanda cha jirani, mtoto hakupata akaenda kingine, kugeuka mama hayupo.

Nikaenda kwenye nyama, hayupo. Kwenye kamba wakavu, hayupo. Kwenye wale wanawake wanaopiga tortilla, zile chapati za mahindi meusi, hayupo. Simu yake ninayo mimi, pasi yake ya kusafiria ninayo mimi, na mama ana sukari. Ndipo nikakumbuka mabasi. Mliofika stendi ile ya nyuma mnawajua wale makonda, anapaza "Chimal Chimal Chimal" huku keshakushika kiwiko, na ukiwa mzee una mfuko mkononi ndio unapandishwa kwa heshima zote. Nikatoa picha, muuza peremende mmoja akaziona zile kanga akanyoosha kidole: la Chimaltenango, limetoka sasa hivi.

Nikarukia bajaji. Mawe ya barabara zile mnayajua, meno yanagongana. Dereva kijana mdogo, nilipomwonyesha picha akapiga ishara ya msalaba akakanyaga mafuta. Jocotenango tumepita, basi hakuna. Nawaza nitawaambia nini ndugu zangu. Tunaingia Pastores, kule kila mlango duka la mabuti, nikaliona limesimama linashusha magunia. Nikapanda mbio. Mama kakaa nyuma ya dereva, kapewa mkate mtamu na bibi mmoja kavaa huipil, wameshikana mikono. Akanitazama akaniambia, "Ulikuwa wapi wewe? Nimekushikia kiti."

MamaPili
NIMEKUSHIKIA KITI 😂😂😂 jamani mama zetu

Chuma Ulete
karanga zimeniporomoka

Mjumbe wa Nyumba Kumi
Mnacheka, lakini mtu mwenye sukari unamwachaje sokoni?

KitindaMimba
Nilimwacha lini? Nilikuwa nasubiri chenji. Soma kwanza mkuu.

Babu Ramani
Noti za 100 vunja supamaketi kabla hujaingia.

BintiTanga
Jina la hoteli andika kwenye karatasi, umfungie kwenye pindo la kanga.

DaktariWaBei
Au msiende na wazee, waacheni hotelini waangalie volkano Agua

MamaPili
We jaribu kumwacha mama yangu hotelini uone

Safari Haina Mwisho
Antigua mnapoteza muda, soko ni Chichicastenango, Alhamisi na Jumapili.

Kibarazani
Fungua uzi wako mkuu, huu ni wa Antigua

Msee wa Gikomba
hapo Pastores mama alishuka ama mlienda tu mpaka Chimal?

KitindaMimba
Alishuka, tena kwa sababu ya mabuti. Fundi akamchora mguu kwenye karatasi, tukayafuata yakiwa tayari. Anayavaa shambani Pangani kukiwa na tope.

Msee wa Gikomba
bei?

KitindaMimba
Sisemi, DaktariWaBei yuko humu